Panya Alijuaje? Uchambuzi wa Hadithi za Wanyama Wapelelezi Zinazodai Kufundisha Historia

Mzazi aingiaye katika duka kubwa la vitabu, hasa katika miji ya Ulaya na Marekani ambako biashara hii imeshamiri, akimtafutia mwanawe kitabu cha historia, ni nadra asikutane na panya aliyevaa koti, mwenye kioo cha kukuzia mkononi, akichungulia ndani ya piramidi la Misri au akijificha katika kofia ya Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18. Na jalada la kitabu hicho aghalabu humwahidi mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtoto atacheka na kwamba ataelimika. Hapo ndipo fadhaa huanza. Mzazi hajui kama kitabu hicho akihesabu kuwa ngano au kuwa somo. Mwalimu hajui kama akikubali darasani au akiachie saa ya mapumziko. Mkutubi hajui akipange katika rafu gani. Na mtoto, ambaye hakuna amwulizaye, hubaki na Benjamin Franklin na panya wake wakiwa wameketi jamvi moja kichwani mwake, asijue ni yupi kati yao aliyepata kuzaliwa.

Fadhaa hii haitokani na ujinga wa mtu, bali hutokana na kwamba swali linaloulizwa kama swali moja kwa hakika ni maswali matatu yaliyofungwa katika mtumba mmoja. La kwanza ni kama hadithi hizi humvuta mtoto kuelekea mambo ya kale. La pili ni kama habari zinazompa ni za kweli. Na la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni kama zinamzoeza kupima habari kama mwanatarehe azipimavyo, yaani kwa dalili, kwa mashahidi, na kwa kuuzuia ulimi pale dalili zinapokoma. Azisifuye hadithi hizi mara nyingi hujibu swali la kwanza akidhani amejibu la pili. Azilaumuye hujibu la pili akidhani ameufunga mlango wa la kwanza. Na la tatu hubaki barazani likingoja kukaribishwa ndani. Makala haya yanakusudia kuyatenga maswali hayo, kuzipima hoja za kila upande kwa insafu, kisha kutoa hukumu.

Asili ya fani: chemchemi mbili zilizokutana

Wanyama walianza kuchunguza makosa na kusikiliza mashahidi karne nyingi kabla ya kuzaliwa riwaya ya upelelezi. Katika *Kalila na Dimna*, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 kutoka lugha ya Kipahlavi, nacho cha Kipahlavi kikiwa kimetokana na visa vya Kihindi vya *Panchatantra*, mna mlango mzima wa uchunguzi wa jambo la Dimna, yule mbweha aliyemfitini fahali kwa simba hata simba akamwua rafiki yake. Mlango huo haumo katika asili ya Kihindi, ambamo mfitini huokoka na fitina yake, na wataalamu wengi huona kwamba Ibn al-Muqaffa mwenyewe ndiye aliyeutia. Chui aliyepita usiku karibu na nyumba ya Kalila, mbweha mwenziwe Dimna, alisikia maovu ya Dimna yakitajwa. Na Dimna alipotiwa gerezani, mnyama mwingine aliyefungwa humo naye akasikia maneno yaleyale kutoka kinywani mwa wenye siri. Hao wawili walipoulizwa kwa nini hawakutoa ushahidi mapema, kila mmoja alijibu kwamba alijua ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kupitisha hukumu. Msomaji anayeifahamu mahakama ya kadhi ataona mara moja kwamba hicho si kisa cha kuchekesha watoto tu. Ni somo la sheria ya ushahidi lililovishwa ngozi ya mnyama.

Mto wa zama zetu ulichimbuka kwingine, nao ulikuwa na chemchemi mbili. Chemchemi ya kwanza ni ya upelelezi mtupu. Mwaka 1932 Walter R. Brooks wa Marekani alitoa kitabu cha nguruwe Freddy, ambaye baada ya kusoma habari za Sherlock Holmes aliamua kufanya kazi ya upelelezi shambani kwa bwana wake. Na mwaka 1958 Eve Titus akamleta Basil, panya akaaye katika ghala la chini la nyumba ya Holmes mwenyewe katika mtaa wa Baker, London, ambako alijifunza kazi kwa kusikiliza mazungumzo ya mwenye nyumba. Chemchemi ya pili ni ya tarehe. Mwaka 1939 Robert Lawson alitoa kitabu *Ben and Me*, ambamo panya aitwaye Amos, mkazi wa kofia ya manyoya ya Benjamin Franklin, anadai kwamba mambo mengi ambayo dunia humsifia Franklin yalitoka kwake yeye panya.

Chemchemi hizo zilikutana taratibu. Katika kitabu cha mwaka 1964 Basil anaitafuta koloni iliyopotea ya panya katika milima ya Uswisi, panya ambao nasaba yao imefungamanishwa na habari za Wilhelm Tell. Tangu mwaka 2000 panya mwandishi wa magazeti Geronimo Stilton, aliyebuniwa na Elisabetta Dami wa Italia, ameenea katika lugha nyingi, na katika baadhi ya vitabu vyake hupanda chombo cha kusafiria katika wakati. Na tangu mwaka 2014 mchoraji Mjerumani Torben Kuhlmann ametoa vitabu vya panya wadadisi wanaokutana na safari za angani, taa ya umeme na nadharia ya Einstein.

Sababu za kustawi kwa fani hii si za kifasihi peke yake. Kitabu cha mtoto kina wanunuzi wawili, mmoja mwenye fedha na mwingine mwenye macho, na ahadi ya elimu hulipia kitabu ambacho ahadi ya kicheko hukisomesha. Panya, fauka ya hayo, hana taifa wala rangi ya kumfungia mpakani, basi mchapaji aweza kumuuza Milano na Tokyo bila ya kumbadilisha sura. Na jambo la upelelezi, kwa kuwa kila fumbo huisha na jingine huanza, hukubali kurefushwa vitabu kumi na ishirini bila ya mwandishi kutafuta muundo mpya.

Katika Kiswahili hali ni tofauti, na tofauti hiyo yafaa kutajwa. Mnyama mashuhuri wa ngano zetu ni sungura, na sungura si mpelelezi. Yeye ndiye mhalifu, naye msikilizaji humwombea asikamatwe. Kwa upande mwingine mpelelezi mashuhuri wa riwaya zetu, Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla, aliyeingia chapani mwaka 1960 katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, ni binadamu wa Unguja na kiko chake, wala hana mkia. Wasomaji wetu, basi, hukutana na mnyama mpelelezi kama mgeni, na mgeni hupokewa kwa heshima, lakini huulizwa atokako.

Hoja za wanaoziunga mkono

Hoja ya kwanza ya watetezi ni ya kimo. Historia ya vitabu vya shule imejaa watu wakubwa katika vyumba vikubwa: wafalme, majemadari, mikataba na mihuri. Mtoto hana mahali katika vyumba hivyo, na panya pia hana. Lakini panya hupita chini ya mlango, husikia kinachosemwa, na huona kwamba mtu mkubwa alikuwa na viatu vilivyochakaa, alihisi baridi na alikosea mara tatu kabla ya kufanikiwa mara moja. Aliyezoea kutoonekana katika mazungumzo ya wazee humwelewa upesi mwenziwe asiyeonekana. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu inagusa kasoro ya kweli ya vitabu vya shule, ambavyo humpa mtoto matendo ya watu bila ya kumpa watu wenyewe.

Hoja ya pili ni ya pazia. Yako mambo ya kale mazito kwa moyo wa mtoto, kama vita, utumwa, njaa na mauaji. Na mnyama, wasema watetezi, huwa pazia jepesi ambalo hupitisha mwanga na kuzuia ukali wa jua. Ushahidi wa uwezo wa pazia hilo ni mkubwa. *Animal Farm* cha George Orwell, kilichotoka mwaka 1945 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere kwa jina la *Shamba la Wanyama* mwaka 1967, kimewafahamisha wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki namna mapinduzi yanavyoweza kugeuzwa na viongozi wake, hata wale wasioweza kutaja mwaka wa mapinduzi ya Urusi. Hata hivyo pazia si dhamana ya wepesi. Art Spiegelman, katika *Maus*, aliwachora Wayahudi kuwa panya na Wajerumani kuwa paka ili kusimulia habari za baba yake aliyepita katika kambi ya Auschwitz, na kazi hiyo ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Lakini Januari 2022 halmashauri ya shule ya wilaya moja ya Tennessee iliiondoa katika masomo yake, jambo linaloonyesha kwamba uso wa panya haukumzuia mtu kuona maumivu yaliyo nyuma yake. Pazia, kwa hiyo, halipunguzi uzito wa jambo kwa tabia yake; lapunguza au lazidisha kwa kadiri ya mkono wa alishikaye.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote: hadithi ya upelelezi huanza kwa swali, ilhali kitabu cha shule huanza kwa jibu. Mtoto aambiwaye kwamba jambo fulani lilitokea mwaka fulani hana sababu ya kufungua ukurasa wa pili, kwa maana amekwisha kupewa alichoahidiwa. Lakini mtoto aambiwaye kwamba kitu kimepotea, na kwamba aliyekichukua aliacha alama ya matope dirishani, hatalala mpaka ajue. Wayunani, ambao neno lao *historia* maana yake ya asili ni uchunguzi, wasingeiona ajabu hoja hii.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba huchukulia hamu kuwa elimu. Hamu ya kujua nani aliyeiba jibini si hamu ya kujua kwa nini dola ilianguka, na mtoto anaweza kumaliza vitabu ishirini vya panya katika wakati akiwa na hamu ya kitabu cha 21 tu.

Hoja za wanaozipinga

Wapinzani huanza na mchanganyiko. Katika safari moja ya Geronimo Stilton msomaji huchukuliwa kwenda zama za dinosaria, kisha kwenye piramidi la Farao Kheops, kisha kwenye kasri la Mfalme Arthur, kana kwamba vituo vitatu hivyo ni vya njia moja. Dinosaria hujulikana kwa mifupa iliyogeuka mawe. Piramidi lingali limesimama Giza, mtu aweza kuligusa. Ama Mfalme Arthur, na hasa kasri lake la Camelot, ni habari ambayo wanatarehe wengi huihesabu kuwa ngano, hata kama nyuma yake alikuwako mtu fulani ambaye hawezi kuthibitishwa. Ndivyo ilivyo kwa Wilhelm Tell ambaye panya wa Uswisi wamefungamanishwa naye. Kosa hapa si kutaja ngano, kwa maana ngano nazo ni sehemu ya urithi wa watu. Kosa ni kuziuza kwa mizani ileile na yakini, mtoto asiambiwe kwamba ameuziwa vitu viwili.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya sababu ya siri. Amos wa Robert Lawson ni kichekesho kizuri, lakini kichekesho hicho kina sharti: msomaji awe amekwisha kumjua Franklin. Mtoto wa Philadelphia, aliyefundishwa tangu utoto kwamba Franklin alirusha tiara katika tufani mwaka 1752 na kwamba alibuni jiko lililoitwa kwa jina lake, hucheka anapomsikia panya akijitwalia sifa hizo, kwa sababu anaujua ukweli unaopinduliwa. Mtoto wa Tanga au Lamu, akikutana na Franklin kwa mara ya kwanza chini ya kofia hiyo, hana cha kupindua. Kejeli hula akiba ya elimu, haiweki akiba. Tena iko hatari ya ndani zaidi: akizoea kwamba kila tukio kubwa lina panya aliyejificha nyuma yake, mtoto huzoea kutafuta mkono mmoja wa siri mahali palipokuwa na mikono mingi ya dhahiri, na hiyo ni tabia mbaya ya akili ambayo watu wazima hawaikosi. Na liko swali la yale yasiyosemwa. Franklin aliwamiliki watumwa, kisha uzeeni, mwaka 1787, akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Huo ndio mkasa wa kweli wa maisha yake, na msimulizi aliyeajiriwa ili achekeshe hana wasaa wa kuukabili.

Hoja ya tatu inatoka katika maabara ya elimu ya nafsi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, akiwamo Patricia Ganea, walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wadogo waliosomewa vitabu vya wanyama wanaosema na kutenda kama watu walielekea kuwadhania wanyama halisi tabia za kibinadamu. Na uchunguzi mwingine wa chuo hicho, uliotangazwa mwaka 2017, ulikuta kwamba hadithi ya kufundisha ukarimu iliwafanya watoto wagawe vitu vyao zaidi ilipokuwa na watu kuliko ilipokuwa na wanyama waliovishwa nguo. Uchunguzi huo ulihusu watoto wadogo sana, tena haukuhusu historia, basi haifai kuubebesha mzigo usiokuwa wake. Lakini unatoa onyo kwamba daraja baina ya mnyama wa hadithini na dunia ya kweli si imara kama watu wazima wanavyodhani.

Hoja ya nne ni ya mwisho wa hadithi. Riwaya ya upelelezi sharti imtaje mkosaji katika kurasa za mwisho, ilhali tarehe mara nyingi haimtaji. Josephine Tey, katika *The Daughter of Time* cha mwaka 1951, alimlaza mpelelezi wake kitandani hospitalini, akamfanya achunguze kama Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliwaua wana wa ndugu yake, na mpelelezi akatoka na hukumu safi kwamba hakuwaua. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme huyo ilifukuliwa chini ya uwanja wa kuegeshea magari mjini Leicester, nayo ikathibitisha kwamba uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda. Lakini juu ya wale watoto wawili haikusema neno, na ubishi ungaliko. Mfupa hujibu swali lake tu, hauongezi. Na fani inayoahidi jibu la kila swali inamfundisha mtoto kuudharau mfupa.

Pamoja na nguvu zake zote, upande huu nao una kasoro isiyoungamwa. Unalinganisha hadithi ya panya na historia iliyo kamili, wala haulinganishi na kitabu cha shule kama kilivyo. Kitabu cha shule nacho, mara nyingi, humwambia mtoto jambo lililotokea bila ya kumwambia limejulikanaje. Nacho huchagua wakubwa na kuwaacha wadogo. Nacho hufunga sura kwa hukumu isiyo na shaka. Tofauti ni kwamba panya hajifanyi ofisa wa serikali, na kitabu cha shule kina muhuri.

Njia ya katikati: nyongeza ya kurasa za mwisho

Baina ya pande hizo wamesimama waandishi na wachapaji wanaosema: hadithi na iende itakavyo, kisha mwishoni tutenge kurasa za ukweli. Hii ndiyo njia ya Torben Kuhlmann. Katika kitabu chake cha kwanza panya wa Hamburg, akiona kwamba mitego imewakimbiza wenzake hadi Marekani na kwamba paka wanazilinda meli, huunda chombo cha kuruka na kuvuka Atlantiki. Na hadithi ikiisha, msomaji hupewa kwa ufupi habari za watu halisi waliojaribu kuruka, akiwamo Charles Lindbergh ambaye mwaka 1927 aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris.

Uzuri wa njia hii ni uaminifu wake. Ukuta umejengwa, na kila upande una jina. Lakini ukuta uliojengwa nje ya hadithi humsaidia tu mtoto atokaye nje ya hadithi, na wengi hufunga kitabu mara panya anapotua salama. Tena kurasa hizo za mwisho humpa mtoto ukweli kama ule wa kitabu cha shule, yaani majibu yaliyokwisha kupikwa. Ule upelelezi uliomvuta kwa kurasa mia unamwacha mlangoni pale hasa elimu inapoanza. Upelelezi umekaa upande wa uwongo, na ukweli umekaa upande usio na upelelezi. Huo ni mgawanyo wa haki, lakini si mgawanyo wa busara.

Mizani: mnyama wa kubuni, dalili ya kweli

Ikiwa tutazitazama hoja zote hizo kwa pamoja, tutaona kwamba pande zote zimegombana juu ya mnyama, ilhali mnyama si shina la jambo. Hakuna mtoto mwenye akili timamu wa miaka tisa anayeamini kwamba panya huvaa koti. Shina la jambo ni dalili. R. G. Collingwood, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika kitabu chake juu ya fikra ya historia kilichotolewa mwaka 1946 baada ya kufa kwake, alitunga kisa kizima cha mauaji na mpelelezi ili kueleza kwamba mwanatarehe hapokei habari kutoka kwa mashahidi kama mtu apokeaye barua, bali huwahoji, na huhoji hata vitu visivyo na ulimi. Waarabu walikuwa na kisa cha maana hiyo zamani. Mwanatarehe Tabari anasimulia habari za wana wa Nizar, ambao njiani waliziona nyayo na majani yaliyoliwa, wakamweleza mwenye ngamia aliyepotea kwamba ngamia wake ni chongo, ana hitilafu ya mwendo na amekatika mkia. Na waliposhtakiwa kwamba wamemwiba, walieleza moja baada ya moja: amekula majani ya upande mmoja tu, basi jicho moja halioni. Hawakumwona ngamia hata mara moja. Thamani ya kisa chote imo katika kutomwona.

Kwa kipimo hicho chombo cha kusafiria katika wakati, ambacho waandishi hukipenda mno, hubainika kuwa adui wa somo lenyewe, kwa maana humwondolea panya haja ya dalili. Panya wa Kuhlmann anayerudi nyuma miaka 80 na kumkuta Einstein mjini Bern mwaka 1905, na Geronimo anayeingia Misri ya Farao, wote wawili wanajua kwa sababu walikuwapo. Lakini ugumu wote wa historia, na utamu wake wote, ni kwamba sisi hatukuwapo.

Kinyume chake, *Shamba la Wanyama* lina tukio moja ambalo mwalimu yeyote wa historia angelitamani. Usiku mmoja wanyama wanasikia kishindo, wanatoka, na chini ya ukuta ulioandikwa amri zao wanakuta ngazi iliyovunjika, taa, brashi, kopo la rangi nyeupe lililomwagika, na yule nguruwe msemaji wa utawala akiwa amezirai kando. Dalili zote zimo, wala hazikufichwa. Ila wanyama, isipokuwa punda mmoja aliyenyamaza, hawazisomi. Mtoto anayezisoma kabla yao amekwisha kujifunza, bila ya kuhubiriwa, namna maandishi ya zamani yanavyobadilishwa usiku na wenye mamlaka, na kwa nini kumbukumbu isiyo na ithibati hushindwa na rangi mbichi. *Maus* nacho, kwa wasomaji waliokwisha kukua, kimejengwa juu ya mwana anayemhoji baba yake, na kati ya mambo yanayouma ndani yake ni kujua kwamba shajara za mama zilichomwa moto na baba mwenyewe: shahidi mmoja hayupo, wala hakuna chombo cha kumrudisha.

Kwa pwani yetu mali ghafi ya fani hii iko tele, hata ingetosha kubuni mnyama mmoja tu na kuacha mengine yote yawe ya kweli. Mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, imefukuliwa katika miji ya kale ya pwani kama Unguja Ukuu. Na kwa kuwa panya hawezi kuivuka Bahari ya Hindi kwa kuogelea, mfupa wake ni shahidi wa jahazi lililooza zamani. Panya mpelelezi anayemtafuta babu yake katika udongo huo angekuwa na kazi halali. Ama kile kisa cha kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano alizozisikia Unguja, ni ndugu wa kisa kilichomo katika *Kalila na Dimna*, ambamo mwenzi wa kima ni kobe, na katika *Panchatantra*, ambamo ni mnyama wa majini mfano wa mamba. Mpelelezi angeuliza: nani aliyembadilisha mamba akawa kobe, na kobe akawa papa? Angeweza kuthibitisha kwamba kisa kilisafiri, na kwamba kilipofika kwa watu wa bahari kilivaa samaki wanayemwogopa. Lakini ni baharia gani aliyekileta, na kwa msimu upi wa kaskazi, hapo angelazimika kukiri kwamba dalili zimekoma. Ungamo hilo, likitiwa katika kinywa cha mnyama anayependwa, lingefaa kuliko kurasa kumi za nyongeza.

Gharama ya njia hii lazima isemwe. Kitabu cha dalili za kweli ni kigumu kuandika, hutaka mwandishi aliyesoma na msanii aliyetulia, hakirefuki kwa wepesi kuwa vitabu ishirini, na mwisho wake usio kamili huwaudhi baadhi ya wasomaji. Mchapaji atapoteza kitu katika mauzo. Na mtoto naye atapoteza kidogo ile raha ya kumwona mwizi akifungwa kamba.

Muhtasari

Kwa swali la kwanza, kama hadithi hizi humvuta mtoto, jibu ni ndiyo, ila humvuta kuelekea kitabu kingine cha panya kwa wepesi uleule wa kuelekea tarehe. Kwa swali la pili, kama habari zake ni za kweli, jibu ni kwamba nyingine ni za kweli na nyingine si za kweli, na ila yao kubwa ni kutozitenga. Nyongeza ya kurasa za mwisho huponya sehemu ya ila hiyo, si yote. Kwa swali la tatu, kama zinamzoeza mtoto kupima habari, jibu linategemea jambo moja: kama dalili aifuatayo mnyama ni ya namna inayopatikana duniani, au imetungwa pamoja na mnyama mwenyewe.

Mzazi, mwalimu na mkutubi hawahitaji, kwa hiyo, kukipiga marufuku kitabu cha panya wala kukikabidhi somo la historia. Wanahitaji swali moja la kumwuliza mtoto akifunga kitabu: panya alijuaje? Akijibu kwamba alijua kwa sababu alikuwapo, kitabu na kiende katika rafu ya ngano, nako huko kina heshima yake. Akijibu kwamba aliona mfupa, au rangi iliyomwagika, au majani yaliyoliwa upande mmoja, hata kama ameshasahau jina la panya, basi historia imeanza.